Gavana aliyetolewa mara mbili akarudi: Martin Wambora wa Embu

Sisi watu wa pwani twaijua Meru kwa miraa na Embu kwa muguka. Kila siku magari huteremka mbio kutoka huko juu, yakashika njia ya Mombasa usiku na mchana, ili mzigo ufike kabla majani hayajanyauka. Zaidi ya hapo wengi wetu hatujui kitu. Mlima wenyewe twauona katika picha, na majina ya wakubwa wa huko twayasikia redioni yakapita.

Lakini mwezi wa Mei mwaka 2024 ilitubidi kutega sikio. Gavana wa Mombasa, Bwana Abdulswamad Shariff Nassir, alipiga marufuku muguka katika kaunti yake, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Akina mama wa mitaani, ambao walikuwa wamelia muda mrefu juu ya vijana wao, wakashangilia. Huko Embu ikawa kilio, maana upande wa Mbeere, ambako mvua ni haba na mahindi hukauka shambani, muguka ndio unaolipa karo ya watoto. Gavana wa Embu, Bi. Cecily Mbarire, akasimama kuwatetea watu wake, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku zile.

Hapo ndipo watu barazani walipoanza kuulizana: kumbe gavana ni mtu wa nguvu hivi, aweza kufunga soko la mwenziwe? Na ikiwa gavana aweza kufunga soko, ni nani awezaye kumfunga yeye?

Jibu la swali hilo la pili laanzia Embu hiyo hiyo. Kabla ya Bi. Mbarire kiti kile kilikaliwa na Bwana Martin Nyaga Wambora. Huyu ndiye gavana wa kwanza wa Kenya kuondolewa kitini na wawakilishi. Akaondolewa tena mara ya pili mwaka ule ule. Hata hivyo alimaliza vipindi vyote viwili ambavyo Katiba humruhusu gavana, na kabla ya kutoka akawa mwenyekiti wa magavana wote 47. Maisha yake ya siasa ni darsa zima juu ya kiti hiki kipya, na mwenye kutaka kuujua ugavana hana budi kuyapitia.

ENZI ZA MKUU WA MKOA

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Embu iko upande wa kusini-mashariki wa Mlima Kenya, na Meru iko upande wa kaskazini-mashariki. Juu kwenye baridi kuna chai na kahawa. Chini kwenye joto kuna mtama, ndengu, mbuzi na hiyo muguka. Miraa ya Wameru hutoka zaidi katika vilima vya Nyambene, pande za Igembe na Tigania.

Wameru si wageni wa bahari kama tunavyodhani. Wazee wao husimulia kwamba asili yao ni Mbwaa, nchi iliyokuwa baharini, na kwamba mababu walitoroka huko usiku kwa kuchoka na utumwa wa watu wa nguo nyekundu. Wako wasemao kuwa Mbwaa ni kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Lamu na Meru, basi, huenda zikawa na udugu ambao sisi tumeusahau na wao wangali wakiusimulia.

Hata katika siasa tulianza pamoja. Mwezi wa Machi mwaka 1957 Waafrika walipochagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, walipita watu wanane. Pwani ilimpeleka Ronald Ngala, na Mkoa wa Kati ulipelekewa Mmeru, Bernard Mate. Ilipofika 1963 ukaja utaratibu wa majimbo, na Ngala akawa rais wa Jimbo la Pwani. Furaha ile haikudumu. Mwisho wa mwaka 1964 majimbo yalikwisha kuvunjwa, na kila sehemu ikawekewa Mkuu wa Mkoa aliyeteuliwa na kutumwa kutoka Nairobi.

Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, mkoa mkubwa uliofika mpaka Moyale. Watu wa mji ule walizoea kumwona Mkuu wa Mkoa akipita na kofia yake na bendera yake garini. Hawakumchagua na hawakuwa na njia ya kumwondoa. Akikosana na watu alihamishwa, akaletwa mwingine kama yeye. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka karibu 50, huko kwao kama huku kwetu.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ndiyo iliyogeuza mambo. Ilizaa kaunti 47, kila moja na gavana wake wa kuchaguliwa kwa kura, na bunge lake la wawakilishi wa wadi. Ilipofika tarehe 4 Machi 2013 Wakenya wakapiga kura ya kwanza ya magavana.

MTU WA RUNYENJES

Bwana Wambora hakuwa mgeni wa siasa siku hiyo. Mwaka 2002, wimbi la muungano wa Narc lilipokiondoa chama cha Kanu madarakani baada ya miaka karibu 40, yeye alichaguliwa mbunge wa Runyenjes. Kipindi hicho kilikuwa kimoja tu. Mwaka 2007 kiti chake kilichukuliwa na mwanamke kijana aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa, naye ni Bi. Cecily Mbarire. Msomaji aliweke jina hilo moyoni, kwa sababu wawili hawa watakutana tena.

Baada ya kuanguka hakurudi shambani kulima tu. Alipata kuwa mwenyekiti wa bodi ya Halmashauri ya Viwanja vya Ndege ya Kenya, kazi ya kukaa na mameneja, zabuni na hesabu za mamilioni. Uchaguzi wa 2013 ulipokuja alisimama kwa tikiti ya TNA, chama cha Bwana Uhuru Kenyatta kilichokuwa na nguvu kubwa pande zile za Mlima, akawa gavana wa kwanza wa Embu.

Magavana wale wa kwanza walipewa kazi bila ramani. Ofisi zilikuwa za mabaraza ya zamani ya miji na wilaya, wafanyakazi wengi walirithiwa, na hapakuwa na mtu aliyetangulia wa kumwuliza. Wawakilishi wa wadi nao walikuwa wapya. Wengi walidhani kazi yao ni kupitisha bajeti na kupiga makofi. Haikuchukua mwaka mmoja wakagundua kwamba Katiba imewapa upanga.

UPANGA WENYEWE

Upanga huo ni kifungu cha 181 cha Katiba, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yaeleza jinsi ya kuufuta alani. Gavana aweza kuondolewa kwa kuikiuka Katiba au sheria kupita kiasi, kwa kushukiwa kwa nguvu kuwa ametenda jinai, kwa kutumia ofisi vibaya au kwa utovu mkubwa wa nidhamu, na kwa kushindwa kazi kwa maradhi ya mwili au ya akili.

Mwakilishi mmoja huleta hoja, naye awe ameungwa mkono na thuluthi moja ya wenzake. Wakipiga kura thuluthi mbili kwamba aende, jambo hupelekwa Seneti. Huko maseneta huweza kuunda kamati maalumu ya watu 11 iwasikilize washitaki na mshitakiwa, au wakaketi wote wakasikiliza wenyewe. Wakikuta shitaka moja tu limethibitika, nao wakapiga kura ya wingi, gavana huwa amekwisha. Naibu wake huapishwa mahali pake bila ya uchaguzi mpya.

Tazama basi jambo la ajabu. Gavana huchaguliwa na watu maelfu kwa maelfu, na huondolewa na watu wachache waketio katika vyumba viwili. Raia aliyepanga foleni tangu alfajiri kumpigia kura hana kura ya kumwondoa, wala hana kura ya kumbakisha. Marekani, ambako ugavana wa kuchaguliwa ni jambo la zamani, majimbo mengine yana njia zote mbili. Gavana Gray Davis wa California aliondolewa mwaka 2003 na wapiga kura wenyewe katika uchaguzi maalumu. Gavana Rod Blagojevich wa Illinois aliondolewa Januari 2009 na maseneta wa jimbo lake, kura 59 kwa sufuri. Sisi tumechukua njia ya Illinois, ile ya California tukaiacha.

MWAKA WA TUFANI

Bwana Wambora alikuwa hajatimiza mwaka kitini. Tarehe 28 Januari 2014 Bunge la Kaunti ya Embu lilipiga kura ya kumwondoa. Malalamiko makubwa yalikuwa mawili: fedha za kutengeneza uwanja wa michezo wa Embu, na ununuzi wa mbegu za mahindi ambazo wakulima walisema hazikuota. Yeye aliyakana yote. Seneti ikakubaliana na Embu tarehe 14 Februari. Kwa siku hiyo Kenya ikawa na gavana wa kwanza aliyetolewa, na naibu wake, Bi. Dorothy Nditi, ndiye aliyengojewa kushika kiti.

Lakini Wambora alikuwa amekwisha kukimbilia mahakamani. Majaji watatu waliokaa Kerugoya walitoa hukumu tarehe 16 Aprili 2014. Walisema kuondolewa kule ni batili, kwa kuwa mahakama ilikuwa imetoa amri mambo yasimame kwanza, na wawakilishi wakaendelea kana kwamba hawakuisikia. Gavana akarudi ofisini.

Hakukaa hata wiki mbili. Tarehe 29 Aprili wawakilishi wakapiga kura tena, wakamwondoa mara ya pili, na mwezi wa Mei Seneti ikaridhia tena. Yakafuata maombi, amri za muda na rufaa, mpaka watu wa Embu wakaamka asubuhi wakiulizana leo gavana ni nani. Kazi nyingi za kaunti zililala wakati ule. Mwenye duka aliyeiuzia kaunti vifaa hakujua ankara yake yatiwa saini na nani.

Kesi ya mara ya pili ilichukua muda. Katika Mahakama Kuu Wambora alishindwa, lakini Desemba 2015 Mahakama ya Rufaa ikampa haki yake. Moja katika hoja kubwa zilizobishaniwa ni hii: je, raia wa Embu waliulizwa sawasawa kabla gavana wao hajaondolewa, au waliitwa kwa haraka ili ionekane tu kwamba waliitwa? Katiba yetu yataka umma ushirikishwe katika mambo makubwa. Yeye alishikilia kwamba jambo la kumtoa kiongozi aliyechaguliwa ni kubwa kuliko mengi.

Nilipofika Embu kwa shughuli zangu, nilipata nafasi ya kuketi na mzee mmoja wa mtaa wa Majengo, baada ya swala ya alasiri. Majengo za bara zote ni ndugu. Ukiingia utakuta kanzu, utakuta chai ya tangawizi, na utakuta watu wanaojua Kiswahili cha babu zao. Nikamwuliza, "Mzee wangu, mlifahamuje jambo hili, mtu kutolewa mara mbili kisha nyinyi mkamrudisha kwa kura?"

Akacheka. "Mwanangu, waliomtoa ni wale wa mle ndani. Sisi hatukuulizwa kitu. Tulipoulizwa, tulijibu."

"Na kama kweli mali ililiwa?"

"Basi wathibitishe, afungwe. Mwizi hakamatwi kwa kelele. Na asiye mwizi hatolewi kwa kelele."

Sikumwongezea neno. Lakini nilipotoka nilikumbuka kwamba wako raia wengine wa Embu waliosema kinyume chake, kwamba bila wawakilishi wale kupiga kelele, nani angejua habari ya uwanja na mbegu? Nao pia wana haki ya kusikilizwa. Mlinzi akibweka kila usiku watu hukosa usingizi, lakini nyumba isiyo na mlinzi haikosi mgeni.

KURA YA WENYEWE

Jibu la watu wa Embu lilikuja Agosti 2017, nalo halikuwa jibu la sauti moja. Katika mchujo wa chama cha Jubilee, Bwana Wambora alikutana tena na Bi. Mbarire, na safari hii yeye ndiye aliyeshinda. Katika uchaguzi wenyewe akapambana na Bwana Lenny Kivuti, ambaye alikuwa Seneta wa Embu tangu 2013. Wambora alipita kwa kura zisizofika elfu moja. Embu ilikuwa imegawanyika katikati kama nazi.

Bwana Kivuti akaenda mahakamani. Februari 2018 Mahakama Kuu ikaufuta ushindi wa Wambora. Mahakama ya Rufaa ikaurudisha. Kivuti akapanda mpaka Mahakama ya Juu, na huko mwaka 2019 ikathibitishwa kwamba Wambora ndiye gavana. Ukihesabu, utaona mtu huyu alinyang'anywa kiti mara tatu, mara mbili na wawakilishi na mara moja na jaji, na mara zote tatu kilirudi mikononi mwake.

Januari 2021 magavana wenziwe wakamchagua mwenyekiti wa Baraza la Magavana, akipokea kutoka kwa Bwana Wycliffe Oparanya wa Kakamega. Yule aliyekuwa mfano wa gavana aliyetolewa ndiye sasa aliyewasemea magavana wote mbele ya Serikali Kuu, hasa katika kilio kile kile cha fedha za kaunti kuchelewa kutoka Hazina.

Mwaka 2022 vipindi vyake viwili vilikwisha, akashuka. Kiti kikagombewa na watu wale wale wa zamani. Bwana Kivuti akajaribu tena, akakosa tena kwa karibu, na aliyeshinda ni Bi. Cecily Mbarire. Wambora alimkabidhi kiti mtu aliyemwondoa Runyenjes miaka 15 nyuma.

NG'AMBO YA MPAKA, MERU

Huenda msomaji akasema, basi sheria ni kelele tu, gavana akiwa na wakili mzuri hatolewi. Avuke mpaka aende Meru.

Meru ilianza kwa utulivu. Gavana wa kwanza, Bwana Peter Munya, aliyepata naye kuwa mwenyekiti wa Baraza la Magavana, alishindwa kwa kura mwaka 2017 na Bwana Kiraitu Murungi, mwanasheria na waziri wa siku nyingi. Mwaka 2022 Kiraitu naye akaangushwa, na aliyemwangusha ni mwanamke asiye na chama. Bi. Kawira Mwangaza, mhubiri aitwaye Askofu na wafuasi wake, alikuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Meru tangu 2017, naye alijijengea jina kwa kuwapa maskini ng'ombe, magodoro na nyumba. Alisimama mgombea huru akapata kura 209,148, akawashinda Kiraitu na Seneta Mithika Linturi. Katika nchi ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wanaume, lilikuwa jambo kubwa.

Lakini mgombea huru akishinda huingia ofisini peke yake. Katika bunge la kaunti hana chama cha kumkinga, na vyama alivyovishinda ndivyo vilivyojaa humo. Desemba 2022, miezi minne tu baada ya uchaguzi, wawakilishi walipiga kura ya kumwondoa, mashitaka yakiwamo ya kupendelea jamaa. Kamati ya Seneti ikasema hayakuthibitika. Oktoba 2023 wakamwondoa tena, na Novemba Seneti nzima ikayakataa mashitaka yote saba. Agosti 2024 wakarudi mara ya tatu, wawakilishi 49 kati ya 69. Safari hii Seneti iliketi mpaka usiku, na maseneta 26 wakapiga kura kwamba amekosa.

Bi. Mwangaza, ambaye aliyakana mashitaka, alipata amri ya mahakama iliyomweka kitini kwa muda. Tarehe 14 Machi 2025 Mahakama Kuu ikakataa kuitengua kura ya Seneti, na tarehe 17 Machi akaapishwa Bwana Isaac Mutuma M'Ethingia. Huyo alikuwa naibu wake, aliyesimama naye katika karatasi moja ya kura mwaka 2022, na walikuwa wamekwisha kukosana hadharani.

TOFAUTI I WAPI?

Nimeyapima haya mawili muda mrefu. Mashitaka hayakutofautiana sana. Yote ni ya fedha, ajira na mamlaka. Tofauti naiona katika njia. Embu, mara ya kwanza, walikimbilia mwisho wakaruka katikati, na kila hatua waliyoruka ikawa silaha ya mshitakiwa. Meru walishindwa mara mbili, na mara ya tatu wakafika na hoja iliyoweza kusimama mbele ya maseneta na mbele ya jaji.

Tofauti ya pili ni nzito zaidi. Wambora alipata nafasi ya kurudi kwa wapiga kura, na wao wakahukumu wenyewe mwaka 2017. Asiyeokolewa na mahakama haipati. Sisi wa Mombasa twalijua hilo kwa macho yetu. Bwana Mike Sonko, aliyeondolewa katika ugavana wa Nairobi Desemba 2020, alikuja kwetu mwaka 2022 kutaka ugavana wa Mombasa. Mahakama ya Juu ilipothibitisha kuondolewa kwake mwezi wa Julai mwaka huo, mlango ukafungwa, na jina lake halikuonekana katika karatasi ya kura. Jirani zetu wa Taita Taveta waliona upande wa pili: wawakilishi wao walimwondoa Gavana Granton Samboja Oktoba 2019, Seneti ikamsafisha.

Kwa hiyo kura ya kumtoa gavana si adhabu ya miaka mitano tu. Yaweza kuwa adhabu ya maisha yote ya siasa, nayo hutolewa na watu wachache. Jambo zito namna hii halitaki haraka wala chuki.

Nasi tuliosoma chuoni tumesikia habari ya Kufa katika zama za Sayyidna Umar. Watu wa mji ule walimlalamikia gavana wao, Saad bin Abi Waqqas, mtu mkubwa na jemadari wa Kadisia. Khalifa hakusema huyu ni sahibu wa Mtume, haguswi. Wala hakuchukua maneno ya washitaki yakamtosha. Alimtuma mtu akazunguka naye Kufa msikiti kwa msikiti, akiwauliza watu mbele yake, na karibu wote wakamsifu. Hata hivyo Umar alimwondoa, kwa ajili ya maslahi ya mji, na baadaye akaeleza kwamba hakumtoa kwa udhaifu wala kwa khiyana, ili heshima ya mtu yule isipotee. Kuuliza raia uso kwa uso, kutafuta ukweli, na kutomvunjia mtu jina kwa jambo lisilothibitika: mambo hayo matatu ndiyo waliyobishania mawakili wa Embu karne kumi na nne baadaye.

Wako wanaotaka upanga huu uvunjwe, kwa kuwa wawakilishi wengine huutumia kumtisha gavana awape kandarasi. Mimi sioni hivyo. Miaka karibu 50 ya Mkuu wa Mkoa asiyeulizwa imetutosha. Ninachotaka ni kwamba kila anayeushika aulize kwanza wale wa Majengo, wa Mbeere, wa Igembe, wa Likoni na Kisauni, nao waulizwe kwa siku za kutosha na kwa lugha wanayoielewa. Wakisema aende, aende. Wakisema abaki, hoja ile ipite mlango mwembamba kweli kweli kabla ya kufika Seneti.

Na kwa anayekikalia kiti, awe wa Embu, wa Meru au wa huku kwetu, ninalo beti moja tu:

Kiti hicho sicho chako, ni amana ya raia,
Leo wakupao heko, kesho watakuchukia,
Nayo hesabu i huko, hutaweza kukimbia,
Nahodha, tunza jahazi, chombo si mali ya kwako.

Uchaguzi mwingine wa magavana ni Agosti 2027. Muguka itaendelea kuteremka, na sisi tutaendelea kugombana juu yake. Lakini yeyote atakayechaguliwa huku au huko, tumsome mapema, tusingoje mpaka siku ya kumtoa.